Chenga katika Picha Nyeusi na Nyeupe, na Tabia ya Lenzi

Katika ukanda wa mpunga wa Kahama na Mbogwe kila mtoto anazijua chenga. Ni zile punje za mchele zilizovunjika ambazo hutengwa na punje nzima wakati wa kupepeta. Neno hilo hilo watu wamelipeleka kwenye televisheni na kwenye simu: picha ikijaa vidoadoa vinavyochezacheza, husemwa kuwa "ina chenga". Katika makala haya tutalitumia neno hilo kwa maana hiyo ya pili, nasi tutauliza: chenga za picha hutoka wapi? Je, ni ubovu wa kamera, au ni jambo lililomo katika nuru yenyewe?

Tuchukue mfano wa Masumbwe, mji ulioko katika Wilaya ya Mbogwe, Mkoa wa Geita, ambao kabla ya mwaka 2012 ulikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Mwalimu anapiga picha ya wanafunzi wake kwa simu, adhuhuri, nje ya darasa. Picha ni safi. Jioni anawapiga tena, ndani ya darasa lenye madirisha madogo. Anapoigeuza picha ya pili kuwa nyeusi na nyeupe, anaona nyuso zimejaa vidoa, pembe za picha zina giza, na fremu ya dirisha iliyo karibu na ukingo imepinda kidogo. Simu ni ile ile, na mpigaji ni yule yule.

Makosa hayo hayana asili moja. Vidoa ni kosa la nasibu, yaani hubadilika kila picha inapopigwa. Giza la pembeni na mpindo wa mistari ni makosa ya kudumu: hurudi mahali pale pale katika kila picha, kwa sababu hutokana na lenzi. Mwanafunzi aliyekwisha kupima urefu wa meza mara kumi katika somo la fizikia anaijua tofauti hii. Rula iliyokatika ncha humpa kosa lile lile kila mara. Macho yake yanayosita kati ya alama mbili humpa kosa jipya kila mara. Kila kosa lina dawa yake, na dawa ya moja haiponyi jingine.

NURU HUJA KWA CHEMBE

Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kuwa nuru huhamisha nishati yake kwa vifungu visivyogawanyika, ambavyo leo huitwa fotoni. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921. Ndani ya kamera ya kidijitali, nyuma ya lenzi, kuna kipande cha silikoni kilichogawanywa katika vyumba vidogo sana viitwavyo pikseli. Fotoni ikigonga silikoni yaweza kung'oa elektroni moja. Kila pikseli hukusanya elektroni zake kwa muda uliowekwa, kisha idadi yake hupimwa na kugeuzwa kuwa namba. Namba kubwa huonyeshwa kama weupe, namba ndogo kama weusi, na zilizo katikati kama kijivu.

Sasa fikiri juu ya manyunyu yanayoanza kudondoka uwanjani ambako zimepangwa ndoo mia moja zilizo sawa. Mvua ni moja, lakini ndoo moja itapata matone matatu, nyingine sita, nyingine mawili. Hakuna ndoo mbovu. Matone huanguka kwa nasibu, na yakiwa machache tofauti huonekana sana. Mvua ikiendelea kwa saa nzima, tofauti kati ya ndoo na ndoo zitakuwa ndogo mno zikilinganishwa na maji yaliyomo. Fotoni hufanya vivyo hivyo zinapoingia katika pikseli.

Hesabu ya matukio ya namna hii ilielezwa na Mfaransa Siméon Denis Poisson mwaka 1837. Mwaka 1918 Mjerumani Walter Schottky aliitumia kueleza mchachariko wa mkondo wa umeme katika vali, kwa kuwa elektroni nazo hufika moja moja. Kanuni yake ni rahisi. Ikiwa wastani wa fotoni kwa kila pikseli ni N, basi mtawanyiko wake, yaani kiasi ambacho pikseli hutofautiana na wastani, ni kipeuo cha pili cha N. Kwa hiyo:

Fotoni 4: mtawanyiko 2, yaani asilimia 50.
Fotoni 100: mtawanyiko 10, yaani asilimia 10.
Fotoni 10,000: mtawanyiko 100, yaani asilimia 1.

Fotoni zikiongezeka, mtawanyiko nao huongezeka, lakini taratibu kuliko nuru yenyewe. Jicho huona uwiano wa vitu hivyo viwili, na ndiyo maana picha yenye nuru nyingi huonekana laini. Ili kupunguza uwiano wa chenga kwa nusu, nuru haina budi kuongezwa mara nne.

Jua la adhuhuri hutoa mwanga wa takriban laksi 100,000. Tuseme darasani kuna laksi 250. Tofauti ni mara 400. Ikiwa tundu la lenzi na muda wa kupokea nuru havikubadilishwa, uwiano wa chenga darasani utakuwa mara 20 ya ule wa nje, kwa sababu 20 ni kipeuo cha pili cha 400. Kamera hujaribu kupunguza hasara hiyo kwa kurefusha muda, lakini ikirefusha mno, mkono hutikisika na watu husogea. Hapo huongeza namba ya ISO. Kuongeza ISO hakuongezi fotoni hata moja. Hukuza ishara iliyopatikana, na chenga zake hukuzwa pamoja nayo.

Kamera yenyewe nayo huongeza chenga kidogo wakati wa kupima elektroni, na joto la silikoni hung'oa elektroni ambazo hazikutokana na nuru. Elektroni hizo za joto huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 6 hadi 8 za Sentigredi. Katika picha ya sehemu ndogo ya sekunde hazina uzito mkubwa, lakini katika picha ya nyota inayochukua sekunde nyingi huonekana wazi, hasa simu ikiwa imeachwa juani.

JARIBIO LA 1: CHENGA ZA MCHELE

Vifaa: karatasi ngumu yenye miraba 100 (10 kwa 10, kila mmoja sentimeta 3), na punje 400 za mchele.

Nyunyizia punje kutoka juu, kwa kuzungusha mkono, mpaka zote zienee juu ya karatasi. Zinazoanguka nje zirudishwe kwa kunyunyiziwa tena. Hesabu punje za kila mraba na kuandika. Wastani ni 4. Toa wastani kutoka kila hesabu, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, tafuta wastani wa majibu hayo, kisha tafuta kipeuo chake cha pili. Jibu litakaribia 2. Likizidi sana, punje hazikutawanywa kwa usawa, rudia.

Kisha unganisha kila miraba minne inayopakana iwe mraba mmoja mkubwa. Sasa unayo miraba 25 yenye wastani wa punje 16, na mtawanyiko utakaribia 4. Uwiano umeshuka kutoka asilimia 50 hadi asilimia 25. Lakini angalia ulicholipa: mahali palipokuwa na miraba 100 pamebaki miraba 25. Simu nyingi hufanya hivi hivi gizani. Huunganisha pikseli nne kuwa moja, zikapata ulaini na kupoteza undani.

KUTOKA FEDHA HADI SILIKONI

Picha nyeusi na nyeupe si ngeni kwetu. Studio ya Capital Art ya Unguja, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilihifadhi nyuso na mitaa ya Zanzibar kwa filamu za aina hiyo. Filamu hutengenezwa kwa chumvi za fedha. Penye nuru, chumvi hizo hugeuka kuwa punje nyeusi za fedha, na picha ikikuzwa sana punje huonekana.

Wengi hufananisha punje za filamu na chenga za kidijitali, lakini mahali zinapoonekana panatofautiana. Katika filamu, punje huonekana zaidi katika sehemu za kijivu cha katikati. Katika picha ya kidijitali, chenga husumbua zaidi penye giza, kwa kuwa huko fotoni ni haba.

Kamera ya kwanza ya kidijitali ya kubebwa mkononi nayo ilipiga picha nyeusi na nyeupe. Iliundwa na Steven Sasson katika kampuni ya Kodak, Marekani, mwaka 1975. Ilikuwa na pikseli 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja katika kaseti. Kipande cha silikoni cha aina iliyotumika kilitokana na ubunifu wa Willard Boyle na George Smith wa mwaka 1969, ambao walishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2009.

Mwaka 1976 Bryce Bayer, wa Kodak pia, alipata hataza ya mpangilio wa vichujio vidogo vya rangi nyekundu, kijani na samawati juu ya pikseli. Rangi ilipatikana, lakini kila kichujio huzuia sehemu kubwa ya nuru. Ndiyo sababu kamera chache hutengenezwa hata leo bila vichujio, kwa picha nyeusi na nyeupe tu: kila pikseli hupokea nuru yote inayoifikia.

Simu zetu zina vichujio, kwa hiyo rangi tatu hazina budi kuunganishwa kuwa kijivu kimoja. Kanuni ya televisheni iliyozoeleka huchukua sehemu 0.30 ya nyekundu, 0.59 ya kijani na 0.11 ya samawati. Ikiwa chenga za rangi zote tatu ni sawa na hazitegemeani, chenga za kijivu kinachotokea ni takriban 0.67 ya zile za rangi moja. Hivyo kuigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe kwenyewe hupunguza chenga kidogo, na huondoa kabisa vidoa vya rangirangi. Chini ya kibatari, ambacho hutoa samawati kidogo sana, rangi ya samawati ndiyo yenye chenga nyingi kuliko zote, na ni vizuri kuipunguzia sehemu yake.

USO, UKUTA NA DIRISHA

Jambo hili linatugusa sisi hasa. Kwa miaka mingi kadi za kupimia rangi katika maabara za kusafisha filamu zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe, na picha za watu weusi zilipata taabu. Silikoni haina upendeleo, lakini hesabu ya fotoni haikwepeki.

Tuseme ukuta wenye chokaa unarudisha asilimia 80 ya nuru, na uso wa mwanafunzi asilimia 10. Ukuta ukipeleka fotoni 8,000 katika kila pikseli, uso utapeleka 1,000. Chenga za ukuta zitakuwa takriban asilimia 1.1, na za uso asilimia 3.2. Sasa mwanafunzi akae mbele ya dirisha. Kamera, ikiepuka kuunguza weupe wa dirisha, hupunguza nuru yote hadi robo. Uso unapata fotoni 250, na chenga zinafikia asilimia 6.3. Programu ikiung'arisha uso mara nne, utaonekana wenye nuru ya kutosha, lakini chenga zitabaki asilimia 6.3. Kilichokosekana wakati wa kupiga hakirudi.

Dawa ni nyepesi. Mgeuze mwanafunzi aangalie dirisha, wala asilipe mgongo. Gusa uso wake katika kioo cha simu ili kamera ipime nuru hapo. Weka karatasi nyeupe au ubao uliopakwa chokaa upande wa kivuli ili urudishe nuru. Katika kugeuza picha iwe ya kijivu, ongeza sehemu ya nyekundu, kwani ngozi hurudisha nyekundu zaidi kuliko samawati. Picha ndogo ya pasipoti iliyopigwa hivyo humwonyesha mtu mwenyewe. Iliyopigwa vibaya huonyesha kivuli chenye masikio.

TABIA YA LENZI

Sasa tuje kwenye makosa ya kudumu.

Giza la pembeni. Nuru inayokwenda pembe za picha hupita lenzi kwa mshazari. Kwa lenzi sahili, mwanga hupungua kwa kipeo cha nne cha kosaini ya pembe. Kwa nyuzi 45, hubaki robo tu. Simu nyingi hurekebisha giza hilo zenyewe kwa kuzidisha. Lakini fotoni zikiwa robo, uwiano wa chenga pembeni ni mara mbili ya ule wa katikati. Hapa kosa la lenzi limegeuzwa kuwa kosa la nasibu.

Mpindo wa mistari. Mstari ulionyooka karibu na ukingo huonekana umevimba kama ubavu wa pipa, au umebonyea kwa ndani.

Kasoro ya uduara. Miale inayopita ukingoni mwa lenzi ya umbo la tufe hukutana karibu zaidi na lenzi kuliko inayopita katikati. Nukta yenye nuru huzungukwa na ukungu.

Kasoro ya rangi. Lenzi hupinda samawati zaidi kuliko nyekundu. Katika picha nyeusi na nyeupe utepe wa rangi hauonekani, lakini haujatoweka. Umegeuka kuwa ukungu wa kijivu kwenye kingo za vitu.

Nuru iliyopotea njia. Miale hudunda kati ya nyuso za lenzi, au hutawanywa na vumbi na mafuta ya vidole. Hufifisha weusi wa picha, na fotoni zake huleta chenga bila kuleta habari yoyote. Kitambaa safi na laini cha pamba ni kifaa cha kwanza cha mpiga picha.

JARIBIO LA 2: KUTENGANISHA MAKOSA MAWILI

Bandika ukutani karatasi yenye miraba. Egemeza simu juu ya matofali isitikisike, na piga picha 16 za karatasi hiyo katika mwanga hafifu. Kwa programu ya kompyuta, tafuta wastani wa namba za kila pikseli katika picha zote 16. Chenga zitapungua hadi takriban robo, kwa kuwa 4 ni kipeuo cha pili cha 16. Lakini mistari iliyopinda itabaki imepinda, na ukungu wa pembeni utabaki. Wastani huponya kosa la nasibu, hauponyi kosa la kudumu. Kwa upande mwingine, mpindo ukipimwa mara moja kwa karatasi hii, waweza kusahihishwa katika kila picha ya lenzi hiyo. Chenga haziwezi kusahihishwa hivyo, kwani za kesho si za leo.

LENZI NA CHENGA HUVUTANA

Mwenye kamera ya tundu linalobadilika hukutana na mvutano. Akilipanua tundu, hupata fotoni nyingi, lakini kasoro za ukingo wa lenzi hujitokeza. Akipunguza kipenyo chake kwa nusu, lenzi hutoa picha kali zaidi, lakini nuru hushuka hadi robo na uwiano wa chenga huwa maradufu. Akizidi kulibana, ukali nao hupotea, kwa sababu mawimbi ya nuru hutanuka yanapopita katika tundu dogo. Kwa namba ya tundu 16 na nuru ya kijani, nukta huwa doa lenye kipenyo cha milimeta 0.021.

Simu nyingi zina tundu lisilobadilika, tena dogo. Lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimeta 4 na namba ya tundu 2 ina tundu la milimeta 2. Lenzi ya kamera kubwa yenye milimeta 50 na namba hiyo hiyo ina tundu la milimeta 25. Zikiangalia eneo lile lile kwa muda ule ule, ya pili hukusanya nuru takriban mara 156. Kwa hiyo wingi wa pikseli unaotangazwa madukani si kipimo cha kutosha. Uliza pia ukubwa wa mlango unaoingiza nuru.

HATARI YA KUSAFISHA

Programu za simu huficha chenga kwa kulinganisha pikseli na jirani zake na kuzisawazisha. Tatizo ni kwamba programu haina hakika kama doa dogo ni chenga au ni kitu. Husawazisha vyote viwili. Katika picha ya sherehe, hasara ni makunyanzi machache.

Lakini Masumbwe imo katika nchi ya dhahabu, na wapo wachimbaji wadogo wanaoshuka katika maduara kwa mwanga wa tochi za kichwani. Picha ya ukuta wa duara iliyopigwa kwa simu ina kila sababu ya kuwa na chenga: nuru haba, mwamba mweusi, vumbi juu ya lenzi. Ufa mwembamba katika mwamba una upana wa pikseli chache tu, na programu yaweza kuufuta pamoja na chenga. Ufa usioonekana pichani si ufa usiokuwepo. Picha ya namna hiyo haifai kutumiwa badala ya ukaguzi wa macho na mikono wa mtu mwenye ujuzi. Kadhalika mwanafunzi anayepiga picha ya seli ya kitunguu kupitia hadubini ahifadhi picha ya asili yenye chenga zake, wala asiwasilishe iliyosafishwa peke yake.

Kwa ufupi: tafuta nuru kwanza, kwa kuwa hakuna programu inayoweza kuzirudisha fotoni ambazo hazikuingia. Pili, ijue lenzi yako kwa kuipima. Tatu, unapoona ulaini usiotarajiwa katika picha ya gizani, jiulize ni nini kilichofutwa.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Pikseli moja hupokea wastani wa fotoni 400. Tafuta mtawanyiko wake kwa asilimia. Zinahitajika fotoni ngapi ili uwe asilimia 1?

2. Muda wa kupokea nuru umebadilishwa kutoka sekunde 1/60 hadi sekunde 1/15, na mwanafunzi ametulia. Uwiano wa chenga unabadilikaje?

3. Picha 25 za karatasi ya miraba zimetafutiwa wastani. Chenga zimepungua mara ngapi? Je, mistari iliyopinda imenyooka? Eleza.

4. Tundu la lenzi limepunguzwa kipenyo hadi theluthi moja. Nuru imebaki sehemu gani, na uwiano wa chenga umeongezeka mara ngapi?

Majibu: (1) Asilimia 5, fotoni 10,000. (2) Unapungua kwa nusu. (3) Mara 5. Haikunyooka, kwa kuwa mpindo ni kosa la kudumu. (4) Sehemu ya tisa, mara 3.